Njia Tuliyoichimba Nje ya Ua

Pasta aliyemzika Kalekye kule Kola mwezi uliopita alisema marehemu alikuwa mama mpole, mnyenyekevu, mtu asiyewahi kuinua sauti mbele ya mwanaume. Nilikuwa nimekaa chini ya hema, leso mkononi, na machozi yakanikauka papo hapo. Nikamgeukia Mama Mwende aliyekuwa kando yangu nikamwuliza, "Huyu anamzika nani?" Akanifinya paja ninyamaze. Nilinyamaza kwa ajili ya watoto wa Kalekye, lakini hapa hakuna wa kunifinya, kwa hivyo nitasema. Kalekye hakuwa mpole. Alikuwa na mdomo kama pilipili ya Masinga, na alikuwa rafiki yangu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alikufa kwa kichomi, akiwa mzee, na alizikwa na miguu yake yote miwili. Hiyo miguu ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu kuna mwaka mmoja ambao tuliipigania, na pasta huyo hakuutaja kabisa.

Watu wakisema ujana wana maana ya miaka ya ishirini. Mimi miaka ya ishirini nilikuwa nimeinamia cherehani, na ya thelathini vilevile. Ujana wangu ulinijia nikiwa na miaka arobaini na moja, na sitamwomba mtu radhi kwa kuchelewa. Mwaka huo mimi na Kalekye tulikuwa tumepanga chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko, Machakos mjini. Upande wa mlango, penye mwanga, palikuwa pangu: cherehani, pasi ya makaa, na sare za shule zilizoning'inia kwenye misumari. Upande wa nyuma palikuwa pake: jiko, benchi mbili za wateja, na sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe mpaka yakalainika. Nguo zangu zote zilinuka moshi wake na chakula chake kilikuwa na nyuzi zangu. Tulikuwa tukigombana juu ya hilo kila siku, kisha saa saba tunakula pamoja kutoka sufuria ile ile. Kitu ambacho hatukukifanya ni kutembea. Yeye alikaa kwenye kigoda chake akikoroga, mimi nilikaa kwenye stuli yangu nikishona, na jioni tulipanda boda boda kila mtu akaenda kwake. Mama zetu walipanda vilima na maji mgongoni, mkanda wa ngozi ukiwa umepita kwenye paji la uso. Sisi tulikuwa tumekuja mjini kupumzika na hiyo taabu, na tulipumzika mpaka tukaugua.

Kidonda kilianza kwenye kidole gumba cha Kalekye, mguu wa kushoto. Viatu vilimchubua, basi, kitu cha kawaida. Lakini miezi ilipita na kidonda kiko pale pale, na siku moja nikamwambia, mwaitu, yaani mama, hicho kitu kinanuka, twende hospitali. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole wa kweli huyo, si wa kutangazwa na pasta. Alisema ni sukari. Alikisafisha kidonda kwa wiki nyingi mpaka kikafunga, kisha akamkalisha chini. "Mama, dawa utakunywa, lakini dawa peke yake haitoshi. Sasa kidonda kimepona, lazima utembee kila siku, na viatu vilivyofunika vidole. Sukari ikiendelea hivi na upate kidonda kingine, mguu utakatwa." Mimi nilikuwa nimemsindikiza tu, lakini alinipima pia, akaona presha, akanipa hotuba hiyo hiyo. Kalekye akamwuliza, "Nitembee wapi?" Daktari akacheka, akadhani ni mzaha. "Si barabara iko, mama?"

Barabara iko! Nani aliwahi kuitembea barabara hiyo kwa miguu akaisifu? Ukingo hakuna, ni lami halafu mtaro. Malori ya mchanga yanapita kana kwamba yamekodishwa na shetani, na kile kipande cha vumbi kilichobaki kando ni cha boda boda. Tena kulikuwa na jambo lingine ambalo daktari hangelijua, maana hakukulia huku. Kwetu mwanamke mzima hatembei bure. Anatoka shambani, anaenda kisimani, anapeleka mahindi kusagwa. Ukimwona anaenda kisha anageuka anarudi mikono mitupu, unauliza amefiwa na nani. Asubuhi yetu ya kwanza tuliulizwa hivyo na kila mtu, na aliyeitwa jina ni mimi. "Kuna nini, Mama Ndunge? Mnakimbizwa?" Mimi ndiye niliyekuja na wazo la mitungi. Nilisema tubebe mitungi ya plastiki mgongoni, mkanda kwenye paji la uso, kama tunaenda kuchota maji, na hakuna mtu atakayetuuliza kitu.

Ilifanya kazi kwa siku chache. Tulikuwa tukitoka alfajiri na mitungi mitupu, tunashuka mpaka darajani, tunapanda tena na mitungi mitupu, tunawaamkia watu vizuri sana. Kisha asubuhi moja mama mmoja mzee aliyekuwa na bomba uani kwake akasimama langoni akatuita. "Wanangu, nawaona kila siku mnarudi bila maji. Mito imekauka, eeh? Njooni, Mungu ni mkubwa." Ungemwambia nini? Alitujazia mitungi yote miwili mpaka shingoni, akatubariki, akasimama akituangalia mpaka tukaishia kwenye kona. Tulipanda kile kilima chote na maji ambayo hatukuyahitaji, jasho likitutoka, mimi nikicheka mpaka mkanda ukateleza kwenye macho. Kalekye hakucheka. Kufika karibu na soko akauvua mkanda, akaweka mtungi chini katikati ya watu, akasema kwa sauti ambayo hata wauza nyama waliisikia, "Mimi siendi kuchota maji! Natembea! Natembea kwa sababu sitaki kukatwa mguu! Nani ana swali?" Maji yale alipikia muthokoi.

Wiki iliyofuata lori la mchanga lilitusukuma mtaroni. Mimi nilichubuka kiwiko, si kitu. Yeye alitoka mtaroni amevuliwa kiatu kimoja, na nilipoona mguu wa kushoto uko wazi kwenye mawe, nilimkimbilia. Tulikaa ukingoni mwa mtaro nikaukagua ule mguu kidole kwa kidole, nikaufuta kwa leso yangu. Haukuwa umekatika ngozi. "Barabara hii itaniua kabla ya sukari," alisema. "Twende uwanjani."

Uwanja ulikuwa nyuma kabisa ya soko, umezungushiwa ua wa waya. Ndani kulikuwa na njia ya wakimbiaji ya murram, ule udongo mwekundu ulioshindiliwa, tambarare, bila gari, bila boda boda, na kibanda chenye vyuma vya kunyanyua. Jioni vijana walicheza mpira. Asubuhi hapakuwa na mtu, ila mbuzi wa mwenyekiti wa kamati ya uwanja, Mzee Mutiso, ambao walikuwa wakila nyasi humo kwa raha zao. Mutiso alikuwa mtu wa kofia na fimbo, aliyestaafu kutoka ofisi fulani na akaihamishia ofisi hiyo langoni pa uwanja. Tulimwamkia kwa heshima zote. Akatusikiliza, akatutazama toka kichwani mpaka miguuni. "Hapa ni pa wanamichezo," akasema. "Nyinyi ni wanamichezo?" Kalekye akawaangalia mbuzi, akamrudishia macho. "Mzee, na hao wako wanacheza namba ngapi?" Watu waliokuwa karibu walicheka, na nafikiri ni kile kicheko kilichotufungulia lango.

Sasa nisikilizwe vizuri hapa, kwa maana kila nikiwasha redio nasikia wataalamu wakisema watu wetu ni wavivu, hawapendi mazoezi, wahamasishwe. Mimi nimeona kwa macho yangu. Hatukumhamasisha mtu. Tulianza kuzunguka ule uwanja wawili tu, mimi na yeye, kabla ya kufungua kazi. Wauza nyanya wakatuona kupitia waya. Mmoja akaja, akasema anajaribu tu. Kesho yake akaja na dada yake. Mama Mwende, huyu wa kunifinya paja, alikuwa mnene kuliko sote na aliapa kwamba hata kwa dawa hatakuja. Alikuja alipogundua kwamba akiwa kwenye njia ile anakiona kibanda chake cha nyanya pande zote za uwanja. Hicho tu ndicho kilichokuwa kikimzuia! Wengine walitaka mtu wa kuwaangalizia biashara, tukapeana zamu. Wengine walitaka pa kubadilishia viatu, nikawapa chumba changu, wakawa wanavua sketi nyuma ya pazia la sare za shule, wakicheka kama wasichana wa bweni. Kabla ya Pasaka ule uwanja ulikuwa umejaa kina mama, na hospitali ilimwambia Kalekye sukari imeshuka. Siku hiyo alininunulia soda, yeye akanywa maji, na tulikuwa na furaha ya kijinga siku nzima. Mahali pakiwepo, karibu, salama, watu watakuja. Pasipokuwepo utahubiri mpaka ukauke koo.

Lakini raha ya mnyonge haikosi mwenye kuihusudu. Tulikuwa tukinywa chai kwa jirani, kwenye hoteli iliyogawanywa katikati kwa karatasi moja ya bati. Kalekye alikuwa na chai yake ya rangi isiyo na sukari, uso ameukunja kama anayekunywa mwarobaini. Upande wa pili tukasikia sauti ya Mutiso, na nyingine ambayo sikuijua. "Wakizoea pale, leo ni kutembea, kesho watataka choo, kesho kutwa benchi," Mutiso alisema. Yule mwingine akasema, "Na yule fundi wa nguo, mume wake hana macho? Mwanamke wa umri ule anaruka-ruka asubuhi, anamtafuta nani?" Wakacheka. Mutiso akamalizia, "Nitafunga. Wiki mbili tu watasahau. Watu wetu hawawezi kuzoea mazoezi. Hayo ni ya wazungu na watoto wa shule." Mimi nilihisi uso unawaka. Nilitaka ardhi inimeze, kweli, na nikawa natafuta mlango kwa macho. Kalekye alimaliza chai yake taratibu, akainuka, akachungulia juu ya lile bati. "Mzee Mutiso, habari ya asubuhi. Choo ni wazo zuri. Na benchi pia, asante."

Kufuli lilikuwa kubwa na jipya. Tulilikuta Jumatatu, na mbuzi wakiwa ndani. Kamati ilisema ni kwa ajili ya kulinda nyasi. Na hapa ndipo nilipoumia zaidi, kwa maana Mutiso karibu apate alichokisema. Siku mbili za kwanza kina mama walikuja wakasimama langoni. Ya tatu wakaja wachache. Wiki ya pili kila mtu alikuwa kwenye stuli yake, na Mama Mwende akasema magoti yalikuwa yameanza kumwuma hata hivyo. Uvivu? Hapana! Walikuwa wale wale, miguu ile ile, hamu ile ile. Kilichobadilika ni lango. Kalekye alijaribu kuzunguka meza za chumba chetu, sufuria, cherehani, benchi, sufuria, mpaka wateja wakaona kizunguzungu. Tuliporudi hospitali yule daktari msichana aliangalia karatasi, kisha akaangalia mguu. Kulikuwa na ngozi nyekundu kando ya kile kidole. "Mama, ulikuwa unaendelea vizuri. Nini kimetokea?" Kalekye, ambaye sijawahi kumwona akikosa la kusema, alisema, "Wamefunga," kisha akalia. Nilimshika mkono tukatoka. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Mutiso kwenye ile korido.

Hakulia mara ya pili. Wekundu ulipotulia, asubuhi moja alinipeleka nyuma ya uwanja, nje ya ua. Kati ya waya na korongo kulikuwa na kipande cha ardhi kinachozunguka uwanja wote, hakina mwenyewe, kimejaa takataka na vichaka vya miiba na mifereji iliyochimbwa na mvua. Akasimama hapo mikono kiunoni. "Unaona nini?" Nikamwambia naona jalala. "Mama Ndunge, wewe cherehani imekuharibia macho. Sisi ni Wakamba. Tangu lini tunamlilia mtu lango, na kuchimba tunajua? Jumamosi ni mwethya." Mtu wa huku haelezwi mwethya ni nini, lakini kwa wageni nitasema: ni watu kukusanyika na majembe yao na kufanya kwa siku moja kazi ambayo mmoja hawezi kwa mwaka, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Vilima hivi vyote vya Machakos vyenye ngazi za matuta, havikuumbwa hivyo. Ni kina mama waliochimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu, fanya juu tunaiita, mpaka mvua ikaacha kubeba mashamba. Mimi nilikuwa nimechimba na mamangu hata kabla sijajua kusoma. Lakini sijawahi kusikia mwethya wa kutengeneza mahali pa kutembea bure. Nikamwambia watatucheka. "Wacha wacheke," akasema. "Wakicheka watakuwa wamesimama karibu, tuwape jembe."

Walikuja. Sikuamini. Wauza nyanya, wauza mitumba, hata wawili kutoka kwaya ya Katoliki ambao mpaka siku hiyo walikuwa wakituona kama wendawazimu. Tulifyeka, tukachoma takataka, tukachimba. Pale palipoinama tulipiga fanya juu ili maji yasiibomoe njia. Kalekye alikatazwa na mimi kushika jembe kwa sababu ya mguu, akakubali, akakaa kwenye jiwe akapika muthokoi na kutoa amri. Ni yeye aliyeanzisha wimbo, "Mutiso ana kufuli, sisi tuna majembe," na ukaitikiwa mpaka ng'ambo ya korongo. Saa nne hivi Mutiso mwenyewe akaja, upande wake wa waya. "Mna kibali?" Kalekye hata hakuinuka. "Cha kuzoa taka, mzee? Takataka zilipomwagwa hapa, kibali mlitoa nyinyi?" Alisimama pale na fimbo yake. Wimbo ulikuwa bado unaendelea, na jina lake lilikuwa ndani yake, na sijui kama kuna kitu kigumu kama kuimbwa na wanawake wanaofanya kazi. Akaenda zake. Jioni tuliipita ile njia kwa mara ya kwanza, mstari mmoja mrefu, matope mpaka magotini, tumechoka kama punda, na mtu mmoja akasema mazoezi ya leo si yametosha? Kalekye akasema hayo yalikuwa ya jembe, haya ni yetu.

Tuliitembea mwaka wote uliobaki. Tuliweka gogo la kukalia pale penye kivuli, ndiyo, benchi aliyoiogopa Mutiso, na gogo hilo lilileta wazee ambao hawangekuja kama hawana pa kupumzikia. Mume wangu, yule wa kukosa macho, alikuja nalo begani. Siku hizi mji una bustani nzuri, kuna mashine za rangi za kukanyagia hewani, kuna vyumba vya mazoezi ghorofani vyenye muziki wa kutikisa madirisha, na vijana wananiambia, "Shosho, uko fit!" Nawafurahia. Ila wasidhani kwamba walizaliwa na hamu ambayo sisi hatukuwa nayo. Wamekuta mlango uko wazi, basi.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja kwa hasira. Uwanja wa Mutiso, kwa kuwa ulikuwa tambarare na hakuna aliyefikiria maji yatapitia wapi, ukawa bwawa. Njia yetu ilisimama imara, ila kwenye kona moja tu mvua iliikata. Vijana wa mpira wakaanza kuja kukimbia kwetu, wakitufuata nyuma kwa adabu, "Samahani mama, tupite." Kalekye aliwapisha wote, na kila mmoja akamwambia neno moja: aje Jumamosi na jembe. Wakaja kweli. Ndipo kamati ilipotuma ujumbe. Kapteni wa timu ndiye aliyeuleta, na alikuwa ameona haya. Mwenyekiti amesema kufuli limetolewa, kina mama wanakaribishwa ndani, asubuhi na jioni. Wenzangu wengine walipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilishaanza kutabasamu. Kalekye alikuwa anafunga kamba ya kiatu cha kushoto, kile cha mguu ambao daktari alikuwa ameukagua juma hilo akasema ni mzima, hauna doa. Alimaliza kufunga, akainuka. "Mwambie asante," akasema. "Lango ni lake. Sisi tuko na njia. Lakini mwambie, hata yeye anakaribishwa. Nasikia daktari amemwambia atembee."

Jumamosi tulimwona akija, bila fimbo, jembe begani, mpini wake mweupe kabisa, wa jana. Alisimama mbele yetu asijue pa kuweka macho. Mimi nilikuwa na maneno mengi, nimeyaweka toka siku ile ya bati, yote yako tayari mdomoni. Kalekye akanitangulia. Akamshika kiwiko kama mgonjwa mwenzake, akampeleka mpaka kwenye ile kona, pale ambapo mvua ilikuwa imekata njia.

"Anzia hapa, mzee," akamwambia. "Udongo unarushwa juu."